Mwalimu wa gaidansi JSS (sekondari ya chini): abaki mwalimu wetu ama aletwe kaunsela wa kuajiriwa?

Ukiingia shule nyingi za umma hapa Nairobi uulize nani anashughulikia gaidansi na kaunseling, yaani ushauri nasaha, utaonyeshwa mwalimu, na huyo mwalimu ana masomo yake kama wengine, ana darasa lake, ana zamu ya wiki, na saa zingine ndiye yuko pia kwa kamati ya nidhamu. Kuna wazazi wanataka hiyo kazi itolewe kwa walimu kabisa ipewe kaunsela aliyesomea, na kuna wanaosema waacheni walimu wetu, wao ndio wanajua hawa watoto. Mimi naona pande zote mbili ziko na ukweli, lakini si sawa kwa sawa.

Tunaongea juu ya watoto wa gredi ya 7 mpaka 9, miaka 12 hadi 15 hivi. Tangu Januari 2023 JSS ilipoanza wako ndani ya shule ya msingi, wanashea uwanja na watoto wadogo wa PP1 (chekechea), lakini wanaambiwa wao ni sekondari. Mwili unabadilika, simu imeingia, nyumbani mzazi anatoka saa kumi na moja asubuhi kutafuta riziki anarudi wamelala. Mtoto wa hivyo akiwa na neno moyoni, mtu mzima anayemuona kwa mchana ni mwalimu tu.

Na hapo ndipo upande wa walimu una nguvu. Mwalimu anajua nani ameanza kukaa nyuma ya darasa, nani ameacha kucheza, nani anasinzia kila Jumatatu, na kaunsela aliyefungiwa ofisini hataona hayo, atangoja mtoto abishe mlango. Tena mtoto akiitwa kwa kaunsela darasa zima linajua kuna kitu, lakini akiongea na mwalimu kwa korido hakuna anayeshtuka. Halafu kuna pesa. Walimu wa JSS wengine wamekaa intern wakililia kuajiriwa kwa kudumu, sasa huyo kaunsela atalipwa na nani? Mzigo utarudi kwa mzazi, hata mkisema hautarudi.

Lakini sasa sikilizeni hii. Binti mmoja wa gredi ya 8 huko Kayole, makanga wa matatu anayopanda alikuwa ameanza kumkatalia nauli, ati asilipe, kisha akaanza kumuomba namba ya simu. Mtoto akaogopa akaanza kutembea kwa miguu mpaka nyumbani bila kuambia mtu. Nilipomuuliza mbona hukuambia madam wa gaidansi akanijibu, "Anti, madam huongea na watoto pale stafurumu, walimu wengine wanasahihisha vitabu hapo kando. Na tukimaliza anaingia darasani kutufundisha Sayansi." Huyo madam hana ubaya wowote, nimeambiwa ni mtu mpole sana, lakini hana mlango wa kufunga.

Na kuna jambo lingine la ndani zaidi. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka wa 2001, na sheria ya elimu ya 2013 ikarudia hivyo hivyo. Walimu wakaambiwa badala ya kuchapa watumie ushauri nasaha. Ni jambo zuri, lakini gaidansi ikaingia shuleni kama ndugu ya adhabu, ukipigana unapelekwa gaidansi, ukipatikana na simu gaidansi, ukichelewa gaidansi. Sasa mtoto ambaye hajakosa chochote, ana huzuni tu, aende huko kufanya nini? Mkimpa kazi hiyo mwalimu huyo huyo anayekaa kwa kesi za nidhamu, mmefunga hiyo njia kabisa.

Gredi ya 9 nayo ni hadithi yake. Siku hizi kuna KJSEA, mtihani wa kumaliza gredi ya 9, waliofanya kwanza ni wa 2025, na mtoto lazima achague pathway, yaani mkondo wa masomo ya sekondari ya juu, kama ni STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu), sayansi za jamii ama sanaa na michezo, kwa hivyo ule muda mdogo wa gaidansi wote unaishia kwa kuchagua pathway.

Wengine watasema tuangalie Marekani, ambako chama cha washauri wa shule kinapendekeza mshauri 1 kwa wanafunzi 250. Hapa kwetu hiyo ni ndoto kwa sasa na tusidanganyane. Maoni yangu ni mwalimu abaki, lakini apunguziwe vipindi, atolewe kwa nidhamu kabisa, na apewe chumba hata kama ni stoo ya vitabu ilimradi ina mlango. Halafu kaunsela aliyesajiliwa aajiriwe awe wa shule kadhaa jirani, aje siku inayojulikana, ashike zile kesi nzito kama dhulma na kujiumiza ambazo si haki kumwachia mwalimu wa Sayansi peke yake. Najua mtajibu kwamba mtoto akiumia Alhamisi hawezi kungoja Jumanne, na ni kweli, ndio maana namba 116 ya simu ya kusaidia watoto, ambayo kupiga ni bure, inafaa iandikwe kwa ukuta wa kila darasa, si kwa ofisi ya mwalimu mkuu.

Mkutano wa wazazi ukiitwa muhula ujao nitasimama niulize mambo mawili tu: huyu mwalimu wa gaidansi ana vipindi vingapi kwa wiki, na akiitwa na mtoto wanaongelea wapi. Nawaomba na nyinyi muulize kwa shule zenu.