Umejuaje?

Binti anayenisaidia kazi za nyumbani aliniambia Jumatano: "Mama, gesi inavuja. Nikiinama pale kwenye mtungi nasikia harufu." Nikamjibu ni vitunguu vya jana. Ijumaa akarudia. Nikamwambia mtungi ni mpya, aache woga. Jumapili akaja shemeji yangu, akapita jikoni kunywa maji, akasema hapa gesi inavuja. Maneno yaleyale. Safari hii nikanyanyuka.

Binti hakusema kitu. Alichukua sponji, akakamulia povu la sabuni pale mpira unapoungana na kichwa cha mtungi. Povu likaumuka, likatoa viputo, kimoja baada ya kingine. Kumbe Alhamisi alishajaribu hivyo peke yake, ndiyo maana Ijumaa alinirudia. Sikuwa nimemuuliza amejuaje.

Hilo ndilo linaloniuma. Shemeji anafundisha historia; kuhusu gesi hawezi kumzidi mtu anayepika milo mitatu kwa siku.

Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika uamuzi wa 2006 ambao mawakili wetu hawachoki kuunukuu, ilisema kila shahidi anastahili kuaminiwa na ushahidi wake kupokewa, isipokuwa ziwepo sababu nzito za kutomwamini. Yaani mzigo anaubeba mwenye shaka. Na sababu nzito zipo: shahidi anajipinga mwenyewe, au ana faida katika uongo. Kuwa na miaka 19 na kulala chumba cha uani si sababu.

Sisemi tumeze kila tunaloambiwa. Wangapi wamelizwa na ule ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii"? Lakini tazama shaka zetu tunazielekeza wapi. Mtu aliyevaa suti akiahidi kuzidisha hela zetu mara mbili kwa mwezi, hatumuulizi hata ofisi yake iko wapi. Mama mjamzito akisema wodini kwamba mtoto anakuja, anaambiwa bado, atulie. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, ndivyo tunavyosema. Mimi binti huyu nilimnyima hata swali moja.

Nilimwomba radhi palepale, shemeji akisikia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi mama, na ile soketi ya friji inachemka."

Tukaenda kuiangalia.