Eti gia ni gia!

Fundi wangu wa baiskeli wa Kariakoo kaniapia: "Kaka, gia ni gia tu, hii inakaa." Kweli ilikaa. Swichi ya kubadili gia ya kampuni ya Shimano kwenye usukani, mkono wa kusogeza cheni wa kampuni ya SRAM kule nyuma, vyote vya gia 9, hesabu safi. Kumbe kila kampuni ina kipimo chake cha kuvuta waya! Swichi inavuta kidogo, mkono unataka uvutwe zaidi. Nikibonyeza, cheni inasita kati ya meno, krrr-krrr-krrr, kama inasaga mchanga. Juzi napandisha Kimara ikaruka, goti likagonga usukani, konda wa daladala akaniuliza kama nauza chuma chakavu. Nimerudi kwa fundi, anasema tatizo grisi. Grisi!