Chupa za plastiki pasipo na urejelezaji: kuchoma au kufukia?

Mahali pasipofika gari la taka wala mnunuzi wa plastiki, chupa tupu za nyumbani huishia motoni au ardhini. Anayechoma huonekana mtu msafi, maana kufikia jioni ua wake hauna kitu. Anayefukia huambiwa anaficha uchafu, kwamba chupa zake zitakaa humo hadi wajukuu wazikute. Naona tumewahukumu kinyume.

Takwimu inayorushwa sana dhidi ya kufukia inatokana na utafiti wa mwaka 2017 wa Roland Geyer, Jenna Jambeck na Kara Lavender Law. Walikadiria kuwa hadi mwaka 2015 dunia ilishazalisha tani bilioni 6.3 hivi za taka za plastiki: asilimia 9 zilirejelezwa, asilimia 12 zikachomwa, na asilimia 79 zikalundikana kwenye madampo au katika mazingira. Hiyo 79 hutajwa kana kwamba ni kosa la aina moja. Hebu isomwe tena, hasa pale penye "au". Chupa iliyofunikwa kwa udongo na chupa inayoelea mtoni zimehesabiwa pamoja. Kwa anayetaka kujua ni plastiki kiasi gani bado ipo duniani, hesabu hiyo ni sawa. Lakini mwenye nyumba anaamua chupa yake ikae wapi, na kwake tofauti ya hizo mbili ndiyo habari yenyewe. Ya mtoni inachomwa na jua, inakakamaa, inakatikakatika hadi vipande vyake vinamezwa na samaki. Ya ardhini haipigwi na jua, hewa ya oksijeni ni haba, basi inabaki ilivyo. Ule ugumu wa kuoza tunaoulalamikia kila siku ndio unaoizuia isisambae.

Wanaochoma nao wana hoja. Shimo hujaa upesi, kwa sababu chupa ni hewa tupu. Chupa zilizozagaa wazi hukinga maji ya mvua, na mbu wa Aedes, wanaoeneza dengi, hutaga humo. Tena PET, plastiki ya chupa nyingi za maji na soda, imeundwa kwa kaboni, hidrojeni na oksijeni tu; klorini, inayozaa moshi wa sumu, haimo. Katika tanuru maalumu inaungua vizuri: kanuni za Umoja wa Ulaya zinataka gesi za matanuru hayo zifikie nyuzi joto 850 kwa sekunde 2 angalau. Kwa tanuru la namna hiyo sina ubishi.

Moto wa uani ni kitu kingine kabisa. Tazama chupa ikitupiwa humo: inajikunja, inayeyuka, inadondoka matone yanayowaka, na juu ya mwali unapanda moshi mweusi. Weusi huo ni masizi, kaboni isiyoungua, yakiwa yamebeba kemikali zinazojulikana kusababisha saratani. Na ni nadra chupa kuchomwa peke yake. Humo motoni mna vipande vya PVC, plastiki yenye klorini kama ya mabomba, na mabaki ya chakula yenye chumvi, klorini inapatikana, na dioksini, kemikali zenye sumu kali, zinaweza kutengenezwa. Anayeuvuta moshi huo ni mwenye kuchoma, watoto wake na jirani. Hata kama ingeungua yote bila masizi, kilo 1 ya PET hutoa takriban kilo 2.3 za kaboni dioksidi, na plastiki hiyo haipatikani tena. Ile ya shimoni, ikiwekwa peke yake bila taka za jikoni, inaweza kufukuliwa siku mnunuzi akifika.

Kutumia chupa tena kunasaidia, ila kwa kiasi. Chupa ya PET isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, ikijazwa maji yasiyo na tope na kulazwa juani kwa muda wa saa 6, au siku 2 mfululizo kukiwa na mawingu, huua vijidudu vingi vya kuharisha. Hata hivyo chupa za kazi hiyo ni chache, na zinazoingia nyumbani ni nyingi mno. Matumizi mamoja yanaogopesha: kuweka mafuta ya taa au dawa ya wadudu kwenye chupa ya soda. Mtoto anaitambua chupa, anaifungua, anakunywa.

Kufukia nako kuna masharti yake. Suuza chupa, ikunje kuanzia kitako kwenda shingoni hewa itoke, kisha kaza kizibo ingali imebanwa. Haitavimba tena wala kukinga maji. Shimo lisiwe kwenye mkondo wa mafuriko wala karibu na kisima, kwani PET nyingi hutengenezwa kwa kichocheo cha antimoni, madini yenye sumu, na chembe zake huweza kupenya majini. Pale ambapo maji ya ardhini yako karibu, usichimbe. Jaza chupa zilizobanwa kwenye magunia, uyaweke chini ya paa, mbali na jua na mbali na jiko.