Nibu Bapa, Mshahara Mwembamba

Ukitaka kujua nchi hii ina watu wangapi wasio na peni, weka peni nzuri kwenye mfuko wa shati halafu tembea. Watatokea. Watatokea hata wale uliodhani waliachana na kuandika tangu kidato cha pili. Na hakuna anayekuuliza umeinunua wapi. Ni "Mwalimu, nisaidie peni kidogo," mkono wenyewe umeshafika mfukoni mwako. Peni kidogo! Kwani peni inakatwa vipande?

Mimi ni mwalimu wa sekondari, Historia na Kiswahili. Ukiondoa kupiga kelele, kazi yangu ni kuandika. Andalio la somo, azimio la kazi, kitabu cha zamu, ripoti za maendeleo, barua ya kuomba ruhusa ya msiba, na barua ya kueleza kwa nini msiba umechukua siku tatu. Na mwandiko wangu, Mungu anisamehe, umelala kama majani yaliyopitiwa na ng'ombe. Wanafunzi wakinakili ubaoni wanaulizana. Mkuu wa shule akisoma kitabu cha zamu anavaa miwani, anavua, anavaa tena, mwishoe ananiita nimsomee mwenyewe niliyoyaandika, na mara nyingine hata mimi nabahatisha.

Ndipo nikasikia habari za nibu ya stabu. Nibu ndiyo ile ncha ya chuma ya kalamu ya wino, na ya kawaida ina kitone cha mviringo nchani. Uende juu, uende kando, mstari ni uleule. Stabu imekatwa bapa, pembe zake zikalainishwa kidogo. Ukishuka nayo mstari unakuwa mnene, ukienda kando unakuwa mwembamba. Wewe hufanyi lolote! Huo ndio utamu wake. Mtu wa mwandiko mbovu anaonekana amesomea, kumbe kilichosomea ni kipande cha chuma. Ana ndugu yake anaitwa italiki, pembe kali, ila huyo anataka mkono wa fundi. Ukiyumba kidogo tu anachimba karatasi. Stabu ana huruma kwa watu wa aina yangu.

Basi, natafuta ya bei nafuu. Ninyi wataalamu wa peni, naomba tuelewane. Mkisema bei nafuu mnamaanisha dola thelathini na ushee. Dola thelathini nyumbani kwangu ni mchele wa mwezi, ukijumlisha na wa shemeji yangu aliyekuja kutusalimia wakati wa Pasaka na mpaka leo hajamaliza salamu.

Lakini nikasikiliza, maana kusikiliza ni bure. Wanakutajia Lamy Safari ya Ujerumani, ipo tangu 1980, plastiki ngumu, pa kushikia pamechongwa ili vidole vikae panapotakiwa upende usipende. Nibu yake inachomoka kwa kuivuta, unapachika stabu ya upana wa milimita 1.1, umemaliza. Wanakutajia TWSBI Eco ya Taiwan, mwili unapitisha mwanga, wino wote unauona tumboni. Hiyo haina habari ya katriji, vile vibomba vya wino vya kupachika, unazungusha kitako inanyonya chupani moja kwa moja. Wanakutajia Pilot Metropolitan ya Japani, ambayo ina nibu bapa wanayoiandika CM, nyembamba kidogo kuliko 1.1 za wenzake. Halafu wanainamisha sauti, wanakutajia Jinhao za China, za watu wa tabaka letu. Ile X450 inapokea nibu za ukubwa wa namba 6, hata za watengenezaji wengine, kwa hiyo unaweza kununua peni ya bei chee ukaiwekea nibu ya stabu uliyoinunua mbali. Yaani nibu inakuwa ghali kuliko mwenye nyumba.

Kuna fundi wa kunoa visu anapita mtaani kwetu na baiskeli yake. Nilipomweleza kwamba watu wengine huchukua nibu pana wakaisugua taratibu mpaka ikawa bapa, akasimamisha baiskeli papo hapo. "Lete, Mwalimu. Hiyo nusu dakika." Nilikimbia.

Sasa tuje kwenye hii 1.1, maana hapo ndipo ninapokasirika. Kila unayemuuliza, 1.1. Wauzaji wenyewe wengi, ukiondoa ncha za mviringo, stabu wanayokuwekea ni 1.1 basi. Hawa watu wanaandikia wapi, kwenye mabango? Daftari letu lina mistari iliyobanana. Ukiandika herufi ya ukubwa wa kawaida kwa 1.1, jicho la e linajaa, tumbo la a linajaa. Niliandika "elewa" kwenye andalio la somo yakatoka madoa matatu, na hakuna aliyeelewa. Dawa yake ni kukuza herufi na kuruka mstari, na ukiruka mstari andalio la kipindi kimoja linakuwa na urefu wa hotuba ya bajeti. Mkaguzi akilipima kwa macho anadhani umefundisha muhula mzima.

Na fomu je? Maisha ya mtu mzima wa nchi hii ni kujaza visanduku. Jina la kwanza, la kati, la ukoo, kila herufi na kachumba kake kasikotosha hata sisimizi kugeuka. Weka 1.1 humo uone. Kwa kazi ya kila siku mimi nasema 1.1 ni ya kadi na bahasha. Mtu wa daftari atafute 0.8, au 0.6 akiipata, au hiyo CM ya Wajapani. Ila 0.8 ya bei ya chini ni ya kuwinda. Ukiiona, usiulize mara mbili.

Yangu niliagiza, ya bei ya chini kabisa, mtengenezaji simtaji. Ilipofika mke wangu akaigeuza geuza. "Baba Neema, mbona ncha imekatika?" Nikamwambia ndivyo ilivyo. "Na umelipa hela kamili?"

Nikaingia Kariakoo kutafuta wino. Duka la kwanza kijana akaniletea wino wa muhuri. Nikamwambia huu wa muhuri ni mzito, utaziba njia. "Mzee, wino ni wino." La pili wakaniletea wino wa kuchorea, ule mweusi unaong'aa, ambao ukikauka ndani ya peni umeshaizika. La tatu mama mmoja akanitazama kwa huruma, akaniuliza, "Mwanangu, una kompyuta?" Mwishowe nikapata kichupa cha Quink, wino ambao Parker wameuuza tangu 1931, kimekaa juu ya rafu kimepigwa vumbi, na muuzaji akanipandishia bei kwa sababu aliona nimetabasamu. Usitabasamu Kariakoo.

Wino nimepata, karatasi sina. Stabu inamwaga wino mwingi kuliko ncha nyembamba, na daftari za siku hizi ni shashi iliyopigwa mistari. Unaandika ukurasa wa kwanza, unausoma ukurasa wa pili, wa tatu unapata muhtasari. Kando ya kila herufi wino unaota mizizi. Karatasi ya fotokopi inavumilia kidogo, kwa hiyo sasa andalio langu naliandika kwenye karatasi za fotokopi, na mwalimu wa taaluma ananiuliza karatasi za mitihani zinaishaje. Ongeza joto na unyevu wa Dar es Salaam. Wino haukauki, mkono unatoka jasho, mkono unapita juu ya wino, na mimi natoka kazini nina Vita vya Majimaji kwenye kiganja.

Nikasema angalau nitasahihishia. Nikajaza wino mwekundu. Jamani, sikujua. Alama ya kosa ina miguu miwili, na stabu ikishikwa mshazari mguu mmoja unatoka mnene, wa pili uzi. Asubuhi yake foleni mezani kwangu.

"Shikamoo, Mwalimu. Hili kosa langu mbona mguu mmoja haupo vizuri?"

"Ni kosa, mwanangu."

"Lakini huku umekosea kidogo, Mwalimu. Si nusu alama hii?"

Wa nyuma yake alikuwa amepata vema. Vema ya stabu inaanza nyembamba inamaliza kwa mbwembwe, na yeye alitaka kujua kwa nini vema ya jirani yake ni nene zaidi na zote alama mbili.

Benki nako. Nimeweka sahihi kwenye fomu, dada wa dirishani ameitazama, ametazama ya kwenye faili, amenitazama mimi. Ya kwenye faili ni mkwaruzo niliouweka siku nafungua akaunti. Hii mpya ina unene, ina wembamba, ina heshima. "Mzee, hii sahihi ni nzuri sana." Nikasema asante. "Hapana, namaanisha si yako." Ikabidi niombe ile peni yao iliyofungwa kamba nikwaruze kimasikini, ndipo hela yangu ikanitambua.

Lakini adui mkubwa ni mwazimaji. Tatizo la mwazimaji si tabia peke yake, ni malezi. Tangu Mfaransa Marcel Bich alipoanza kuuza ile peni ya Bic inayopitisha mwanga mwaka 1950, dunia nzima imefundishwa kukandamiza, maana kipira cha nchani hakizunguki vizuri bila kusukumwa. Kalamu ya wino haitaki nguvu. Wino unashuka wenyewe kwenye ule mpasuko wa nibu. Uzito wa peni unatosha. Sasa mpe mwalimu wa Hesabu, mtu anayepiga mstari wa jibu kama... bora nisiseme. Aliikamata wima, akaigeuza ubavu, ikakataa kuandika, maana stabu isipolala bapa haitoi kitu. Akaona inamdharau. Akakandamiza. Nibu ikafungua miguu. Akanirudishia, akasema, "Mwalimu, nunua peni nzima." Niliikunja kwa kucha mpaka miguu ikakutana, na hadi leo ikiandika herufi k inatoa sauti.

Tangu hapo natembea na peni mbili, ya kwangu na ya taifa. Ya taifa ni Bic ya dukani kwa Mangi, kifuniko kimetafunwa na mtu nisiyemjua. (Lile tundu la kwenye kifuniko cha Bic, kwa taarifa yenu, liliwekwa mwaka 1991 ili mtoto akimeza apate pa kupumulia. Maana yake watengenezaji wanajua kabisa tunavyovifanya.) Ya taifa ikiondoka hairudi, nanunua nyingine, na hesabu nikiifanya vizuri peni nafuu imeanza kuwa ghali. Kwenye kitabu cha michango ya harusi, kile cha kaboni, hapo nakubali yaishe, natoa ya taifa mwenyewe. Stabu haiwezi kupenya hadi nakala ya pili, na mtu akichangia elfu hamsini anataka nakala yake isomeke hata kaburini.

Jirani yangu ni maalimu wa madrasa, mzee wa watu, asili yake Lamu. Nikampelekea nimtambie. Shikamoo, Maalimu, marahaba, nikamwandikia jina lake, mnene, mwembamba, mnene. Akaichukua, akaisogeza machoni.

"Imekatwa bapa."

"Ndiyo, Maalimu. Ndiyo teknolojia yenyewe."

Akaingia ndani akatoka na kijiti cha mwanzi, kimechongwa kwa kisu, ncha bapa, kimepasuliwa katikati. Akachovya kwenye wino wa masizi, akaandika mstari mmoja wa Kiarabu, mnene, mwembamba, mnene, hata mimi nikaona aibu kwa niaba ya peni. Akanieleza jinsi wakubwa wa Siyu, kule kisiwani Pate, walivyonakili misahafu kwa kalamu za namna hiyo enzi za mababu, kurasa kwa kurasa, na rangi nyekundu na nyeusi. Ncha ikichakaa unachonga tena.

"Hii yako ikichakaa?"

"Naagiza nyingine, Maalimu."

"Kwa pesa?"

Nikamuaga.

Halafu yakaja mahafali. Kosa la kuwa na mwandiko unaopendeza ni kwamba taarifa zinafika kwa wakubwa. Makamu mkuu akaniwekea mezani vyeti vya kidato cha nne vyote, majina yaandikwe kwa mkono, "kwa ile peni yako." Karatasi yenyewe ile inayoteleza na kung'aa, isiyonywa wino hata ukiibembeleza. Unaandika Mwanahamisi, jina linakaa juu ya karatasi linakutazama. Nikavitandaza kwenye madawati ya darasa zima, nikazima feni visipeperuke, nikafunga madirisha kwa ajili ya vumbi, nikakaa humo mimi na vyeti tukitoka jasho pamoja. Mlinzi akapita dirishani, akadhani nimefungiwa.

Siku yenyewe mgeni rasmi alivisifu. Mkuu akasimama akasema ni kazi ya ofisi. Mimi nikapewa soda, ya moto.

Jioni Mkuu akaniita. "Mwalimu, vyeti vimetulia. Mwakani tuviandike kwa dhahabu."

Nikamweleza kwamba wino wa dhahabu una chembechembe, zitaziba peni, na chupa moja si bei ya mchezo, kwa hiyo ofisi ingetenga fungu kidogo.

Akashangaa kweli kweli. "Fungu la nini tena? Si peni unayo?"