Drili ya Mzungu Aliyekuwa Anatundikia Picha Tu

Geti langu limefungwa kwa waya wa kuanikia nguo, huu mwaka wa pili. Nyumba iko Igogo, hapa Mwanza, kule juu kwenye mawe, ambako umbali hauhesabiwi kwa hatua, unahesabiwa kwa kuhema. Wageni wakipita barabara ya chini wanasimamisha gari wapige picha: "Aisee, nyumba zimekaa juu ya miamba!" Kukaa zimekaa. Wao hawajawahi kupandisha gunia la mkaa.

Bawaba ya chini iling'oka, na nguzo imeshikizwa kwenye mwamba. Fundi alikuja, akagonga-gonga jiwe kwa kidole kama daktari anayepima kifua, akasema hapa ni matundu manne tu, kesho saa mbili nakuja na drili. Saa mbili nikampigia. "Mzee wangu, nipo Buzuruga hapa, nakuja." Saa sita, yupo Buzuruga. Jumatatu iliyofuata, Buzuruga. Nikaanza kuamini huko Buzuruga kuna kitu kinashika miguu ya mafundi. Mwezi wa tatu nikasema basi, drili nitanunua mwenyewe, nitatoboa mwenyewe, na siku akija kudai kazi nitamwambia na mimi nipo Buzuruga.

Hapo ndipo nilipoingia mnadani. Mnada wenyewe wa kwenye simu.

Mimi mnada naujua, msinione hivi. Ni mtoto wa Misungwi, na baba yangu alinipeleka mnada wa ng'ombe kabla sijajua kusoma. Mzee yule hakuwa mtu wa kununua sifa. Kwanza anamzunguka ng'ombe, kimya. Anamtembeza. Halafu anamshika pua, anamfungua mdomo, ananiita: "Hesabu." Ng'ombe juu mbele hana meno, ana ufizi mtupu; meno yako chini, manane. Jozi ya kwanza ya meno ya ukubwani hutoka akiwa na miaka kama 2, na akikamilisha yote 8 basi ana miaka 4 au 5. Muuzaji akisema "huyu mtamba wa miaka 3," na mle mdomoni kuna meno 8 yamesagika kama sabuni ya mwisho wa mwezi, mzee anaufunga ule mdomo taratibu, anampa ng'ombe pole, anaondoka. Muuzaji hapewi hata pole.

Huyo ndiye aliyenizaa. Na mtoto wake, mtu mzima wa miaka 54, yuko kitandani saa sita za usiku, amejifunika shuka gubigubi ili mwanga usimwamshe Mama Neema, anapandia dau drili ambayo hajaigusa, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.

Tangazo lilisema hivi: "DRILI YA NYUNDO, MTUMBA WA UINGEREZA. Imetumika kidogo. Ilikuwa ya mzungu mmoja alikuwa anatundikia picha tu. Inawaka. Haina shida yoyote." Drili imelazwa juu ya kitenge kama mtoto mchanga, pembeni boksi lake, biti zimepangwa kwa urefu, na kwenye kona ya picha kimeingia kidole gumba cha muuzaji, ukucha wake mweusi tii, ukucha uliowahi kukutana na nyundo. Nikajiambia, huyu ni fundi kweli, ameumia kazini. Imani yangu yote ilianzia kwenye ukucha ule.

Dau lilianzia elfu 40. Nikaweka 42. Akatokea mtu anajiita Simba wa Ziwa, akaweka 45. Nikaweka 50. Simba 51. Nikaweka 60, nikitegemea atapata aibu. Simba 61. Ndugu zangu, kufikia hapo geti nilishalisahau, nilikuwa napigana na Simba. Nilipofika 96,000 akanyamaza, na mimi nikatoa ngumi juu ndani ya shuka mpaka Mama Neema akauliza kama kuna mbu.

Asubuhi nikapita duka la vifaa vya ujenzi pale mjini. Drili ya nyundo, mpya, kwenye boksi, na waranti: 90,000. Nikatoka bila kuaga.

Kuhusu Simba, nilikuja kugundua baadaye. Muuzaji alikuwa anaandika "xawa" badala ya "sawa". Simba naye alikuwa anaandika "xawa". Nikasema labda walisoma shule moja.

Jambo jingine ni salamu. Kabla sijalipa nilikuwa "boss wangu". Niliposhinda nikawa "mkuu, hongera sana, tuma na ya kutolea". Hela ilipoingia nikawa "mzee, vuta subira". Nilipouliza mzigo mara ya nne nikawa "we mzee". Nadhani ningeuliza mara ya tano ningekuwa babu.

Mzigo ulikuja na basi kutoka Dar, nikaambiwa nikauchukue stendi ya Nyegezi. Umefungwa ndani ya salfeti. Boksi hamna. Biti hamna. Nikapiga simu. "Boksi ni la kupigia picha, mzee. Kwani tangazo limeandika boksi?" Nikarudi kulisoma. Kweli, neno boksi halimo, neno biti halimo. Lile tangazo liliandikwa na wakili.

Jumamosi nikavaa overoli. Watoto wa jirani wakapanda juu ya jiwe kutazama, wamebeba na miwa kabisa. Nikachomeka. Jamani! Ile drili ilivuma kama ndege inayotaka kuruka pale Ilemela. Vumbi la jiwe likatoka, tundu likaanza kuingia, naapa liliingia, watoto wakashangilia, nikageuka kumtazama Mama Neema kwa lile jicho la mwanaume aliyedharauliwa kwa muda mrefu. Sekunde kama 20 hivi nilikuwa fundi.

Halafu zikatoka cheche za buluu kwenye matundu ya mota. Ukafuata moshi, na harufu ya plastiki na vanishi vimekaangwa pamoja.

"Baba Neema, ndivyo inavyokuwaga?"

"Ndivyo. Inazoea."

Haikuzoea. Nikampelekea jirani yangu, fundi umeme, ambaye kwa kuwa anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu sikuwahi kufikiria kumuuliza chochote kabla ya kununua. Akaigeuza, akafuta mafuta kwenye kibao chake, akasoma. Akanitazama kama mtu anayetafuta namna ya kutoa taarifa ya msiba.

"Mzee, hii imeandikwa volti 110."

"Si ya Uingereza? Wao si wana umeme kama wetu?"

"Majumbani ndiyo, 230 kama sisi, hata plagi ni hii hii ya pini tatu za bapa. Lakini kwenye maeneo ya ujenzi wanaushusha hadi 110 kwa transfoma, ile ya njano, inayokaa chini kama ndoo. Wameifunga iwe volti 55 tu kutoka waya hadi ardhini, ili mtu akishika waya uliochubuka apate mshtuko, asipate jeneza. Na plagi yake ni ya njano, ya mviringo, imetengenezwa isiingie kabisa kwenye soketi ya ukutani." Akanionyesha waya ulipokatwa na kufungwa plagi yetu. "Huyu kaikata ile, kaweka hii. Wewe ukaipa mara mbili ya chakula chake."

Kwa hiyo yule mzungu alikuwa anatundika picha kwenye maghorofa. Tena yanayojengwa.

"Lakini ilikuwa na nguvu," nikasema. "Ungeiona ilivyokuwa na nguvu."

"Ile haikuwa nguvu, mzee. Ilikuwa inakata roho."

Nikampigia muuzaji. Hakugomba hata kidogo, na hilo ndilo liliniuma. "Mzee, tangazo liliandikaje? Inawaka. Iliwaka, haikuwaka?" Nikasema iliwaka. "Haya." Akakata, halafu akatuma ujumbe: "Xawa."

Mtu mwenye akili timamu angeishia hapo. Mimi nilisema kosa lilikuwa umeme, kwa hiyo dawa ni betri. Nikapata drili ya betri kwa muuzaji mwingine kabisa, jina la kike, picha ya maua, maneno laini, "karibu baba yangu". Volti 18, betri ya ampea-saa 5, yaani kiasi cha umeme inachobeba. Nikalipa. Nilipokwisha kulipa ndipo nikaikuza picha, na kwenye kona, juu ya kitenge kilekile, gumba. Ukucha mweusi.

Drili ile ilifunga skrubu moja na nusu. Hiyo nusu ipo mpaka leo kwenye mlango wa kabati la jikoni, Mama Neema anatundikia mfuko wa vitunguu. Jirani akaifungua betri. Akanieleza kwamba ndani mna seli ndogo za volti 3.6, tano zikifuatana zinakupa 18. Na zile wanazoziandika 20 ni hizo hizo tano, wamezipima zikiwa zimetoka kushiba. Sasa betri ya ampea-saa 5 kwa kawaida inakuwa na seli 10, yaani safu mbili za tano tano. Yangu ilikuwa na safu moja. Mahali pa safu ya pili kulikuwa na kipande cha tofali la kuchoma, kimekatwa vizuri, kimesuguliwa kingo, kimefungwa kwa gundi ya karatasi. Nilikishika nikastaajabu. Mtu anayejua kukata tofali hivi kwa nini asije kunitengenezea geti?

Randa sitaisimulia sana. Msiniulize nilikuwa nataka randa ya nini, Simba alikuwa amerudi. Nitasema tu kwamba Bosch hutengeneza za buluu kwa ajili ya mafundi na za kijani kwa matumizi ya nyumbani, na hii yangu nilipoikwaruza kwa ufunguo buluu ilibanduka, chini yake kijani, kama embe lililowahishwa sokoni.

Jirani aliniambia nikashitaki. Akasema Tume ya Ushindani ipo, na sheria ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi. Nikamwuliza nimshitaki nani. Jina la kwanza la uongo, la pili la maua, la tatu Simba. Ninachomjua mimi ni gumba. Niende nisimame mbele ya karani niseme mshitakiwa ni mfupi, mnene, na ana ukucha?

Basi akaamua kunifundisha, bure, jambo ambalo lilinipa aibu kuliko hasara yenyewe. Alisema kifaa cha umeme cha mtumba hukinunui kwa macho. Unakinusa. Weka pua kwenye matundu ya mota, kama kiliwahi kuungua harufu haitoki hata kioshwe na petroli. Washa, zima, sikiliza beringi kinapopungua mwendo. Shika kichwa chake ukitikise uone kama kinacheza. Kama kina vifuniko vya kaboni pembeni, zile zinazopeleka umeme kwenye mota inayozunguka, fungua utazame zimebaki urefu gani. Zikiwa fupi utaona cheche kabla hata hujaambiwa bei. Alipokuwa anaichomoa ile kaboni na kuniwekea kiganjani, nilisikia kabisa sauti ya marehemu mzee: "Hesabu."

Tangu hapo nina ugonjwa. Nikisalimiana na mtu nageuza mkono wake nitazame gumba. Mwaloni pale Kirumba nilimshika muuza dagaa mkono mpaka akaniuliza kama nataka kwenda kwao kujitambulisha. Kanisani, wakati wa kupeana amani, watu wa benchi langu siku hizi wananipungia kwa mbali.

Sasa sikilizeni ya mwezi uliopita. Neema ameleta mchumba. Wamekuja watu wanne, mshenga mbele, wamepanda mawe na viatu vya ngozi mpaka wanahema kama mbuzi wa Krismasi, wakaruka geti kwa pembeni, wakakaa. Soda zikatoka. Nikauliza kijana anafanya shughuli gani. Mshenga akasema, "Anafanya biashara, mzee. Za mtandaoni."

Nikaiweka soda chini.

Kijana akainuka, mpole, kichwa kimeinama, akaja kunisalimia kwa mikono miwili. "Mwadila, baba." Nikaupokea mkono. Nikaugeuza.

Mweusi tii.

"Umeumia na nini, mwanangu?"

"Mlango wa gari, baba."

"Gari la nani?"

Mama Neema akanikanyaga chini ya meza. Baadaye aliniambia ukucha si kitambulisho, nusu ya wanaume wa mji huu wana kucha nyeusi, na wewe mwenyewe unao mmoja tangu siku ya ile randa. Ni kweli. Lakini pale pale mshenga alikuwa anaendelea na hotuba: kijana ametulia, kijana ana heshima, "kwa kweli mzee, kijana wetu hana shida yoyote." Hayo maneno nilishayasoma mahali.

Tukaingia kwenye mahari. Nikataja ng'ombe 8. Hawakushtuka, na mimi mtu asiyeshtuka bei simwamini tena. Mshenga akasema ng'ombe wapo tayari, wazuri, wamenona, akaingiza mkono mfukoni akatoa simu.

"Ngoja nikuonyeshe picha, mzee."

Nikamrudishia simu yake kabla haijawaka. Nikamwambia ng'ombe waje wenyewe, kwa miguu yao, wapande mawe yote ya Igogo mpaka hapa, nami nitawafungua mdomo mmoja mmoja. Na wakifika wasilisukume geti. Limefungwa kwa waya.