Kuimba Kilio cha Jirani

Jumamosi moja mwalimu wa kwaya yetu hapa Nakuru alileta wimbo wa lugha ya wale waliokuwa majirani wa mwenzangu kule Molo. Mwenzangu huyo, wa sauti ya tatu kama mimi, mwaka 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipomtoa kwake, alilala hemani kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo. Alikunja karatasi yake ya solfa, akaitia mfukoni, akakaa kimya hadi mazoezi yakaisha.

Nimemkumbuka nikisikiliza simfonia ya tatu ya Mohammed Fairouz, Mmarekani mwenye asili ya Kiarabu. Inaitwa Poems and Prayers, yaani Mashairi na Maombi. Humo kwaya na okestra zimebebeshwa mashairi ya Wapalestina Mahmoud Darwish na Fadwa Tuqan, ya Mwisraeli Yehuda Amichai, pamoja na Kaddish, dua ya wafiwa wa Kiyahudi.

Wanaozipinga kazi za namna hii wana hoja nzito. Jukwaani kila mshairi hupewa dakika zake, kana kwamba hata huko nje wako sawa. Darwish alizaliwa 1941 al-Birwa, kijiji kilichobomolewa baada ya vita vya 1948 kati ya Israeli na Waarabu. Amichai, mzaliwa wa Ujerumani, alipigana vita hivyohivyo. Darwish mwenyewe alikiri kuwa mashairi ya Amichai yalimtia changamoto, maana wote wawili waliandika kuhusu mahali pamoja na kushindania lugha ya ardhi hiyo. Huo ni ugomvi wa shamba, na sisi wa Bonde la Ufa tunajua kesi ya shamba haiishi kwa wimbo. Tena mwaka 2000, waziri wa elimu wa Israeli alipopendekeza Darwish asomwe shuleni, Waziri Mkuu Ehud Barak alisema nchi haijawa tayari. Ikiwa darasani palikuwa hapapitiki, ukumbi wa kulipia kiingilio utapitisha nini?

Ila hoja hiyo inamtazama msikilizaji tu, imemsahau anayeimba. Sehemu kubwa ya Kaddish iko kwa Kiaramu, na haitaji kifo hata mara moja. Ndani yake mna neno "shlama", ndugu wa "salaam" ya Kiarabu na "salama" yetu. Huwezi kuliimba bila kujua pumzi unaivuta wapi na mkazo unauweka silabi gani. Miezi ya mazoezi, neno la mtu mwingine linalala kinywani mwako. Hujamsamehe, na hakuna aliyekuomba umsamehe, lakini kusema hana kilio huwezi tena. Ndiyo maana kazi hii ikiimbwa na watu wasiohusika na ugomvi, kwangu ni tamasha zuri, basi.

Mwenzangu alirudi wiki iliyofuata. Maneno hakuyaimba. Alivumisha sauti yake, midomo imefumba, na mwalimu akamwacha.