Viza za Wakimbizi: Nani Akaguliwe Kwanza?

Machi 2022 Uingereza ilizindua mpango wa Homes for Ukraine. Mwananchi wa kawaida alimpokea Muukraine nyumbani kwake kwa angalau miezi 6, na serikali ilimpa mwenyeji huyo pauni 350 kila mwezi kama shukrani. Waliojitokeza walikuwa wengi mno. Vyumba vikawa tayari, viza zikachelewa, na mwezi uliofuata Priti Patel, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani, akaomba radhi.

Wakosoaji walikuwa na hoja nzito. Ireland ilifuta sharti la viza kwa Waukraine mara tu baada ya uvamizi wa Urusi, na tarehe 4 Machi Umoja wa Ulaya ukaanzisha ulinzi wa muda, yaani ruhusa ya kuishi na kufanya kazi humo. Uingereza ilitaka kila mwanafamilia awe na ombi lake, hata mtoto mchanga. Ikawa mama na watoto wawili wanapata ruhusa, wa tatu hana jibu. Mama gani atamwacha huyo wa tatu? Familia nzima inakwama kwa jalada moja, huku kwenye hesabu za wizara wale watatu tayari wamehudumiwa. Idadi ya viza ilipanda. Watu hawakupanda ndege.

Serikali ilijibu kwa hoja ya usalama, ikikumbusha shambulio la sumu la 2018 katika mji wa Salisbury, Uingereza, ambalo iliilaumu Urusi. Si hoja ya kupuuza, ila naiona dhaifu kwa kundi hili, ambalo sehemu kubwa lilikuwa wanawake na watoto. Isitoshe, katikati ya Machi wenye pasipoti halali za Ukraine walikwisha kuruhusiwa kuomba bila kwanza kwenda kituoni kutoa alama za vidole. Kumbe sharti lililoitwa la lazima liliweza kusogezwa.

Hoja yenye nguvu zaidi ya kutokwenda mbio ilikuwa upande wa pili, kwa mwenyeji. Aprili 2022 UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, liliitaka Uingereza kuzuia wanawake walio peke yao, au wenye watoto, wasipangiwe kuishi na wanaume wasio na familia. Viza iliweza kutoka kabla halmashauri haijaitembelea nyumba. Yaani anayekimbia mabomu alipekuliwa mapema, nyumba ya anayemfungulia mlango ikakaguliwa baadaye. Mimi ningegeuza mpangilio huo: mgeni aruhusiwe kuingia upesi na apewe mahali pa muda, kisha nyumba ya mwenyeji ichunguzwe bila papara. Ni gharama, nakubali, na halmashauri hazina watumishi wa kumwaga.

Kanada ina uzoefu mrefu zaidi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 wananchi wake wamedhamini zaidi ya wakimbizi 300,000, na kwa kawaida kundi humtunza mgeni kwa mwaka mmoja. Huko tatizo ni foleni ya miaka. Vipimo vya afya huwa halali kwa miezi 12. Uchunguzi wa usalama ukichelewa, mkimbizi anarudi kupimwa upya, na wadhamini wanaendelea kushikilia fedha walizochangishana bila kujua za lini. Lakini kati ya Novemba 2015 na Februari 2016 nchi hiyohiyo iliwapokea Wasyria 25,000, kwa kuwa iliamua kupeleka maofisa na ndege. Kwa hiyo kasi inawezekana, ila ina bei yake: ofisa aliyepelekwa Beirut, Lebanon, kwa ajili ya Wasyria hagusi jalada lililoko Nairobi.

Novemba 2024 Kanada ilisimamisha kupokea maombi mapya kutoka kwa makundi ya watu watano, yaani wananchi wanaoungana kumdhamini mkimbizi, ikitaja mrundikano wa maombi. Wizara haikukosea kabisa, maana kupokea maombi ambayo hayatafunguliwa kwa miaka ni kumlisha mtu matumaini hewa. Aliyemo kwenye foleni huenda akapata nafuu. Aliyekuwa bado anatafuta watu watano wa kumdhamini yeye hayumo kwenye takwimu yoyote ya muda wa kusubiri.